Umechimba msingi ukakuta mwamba, nani analipa?

Mwezi huu mimi QS wenu (mkadiriaji wa gharama za ujenzi) nimeweka kando maswali ya mabati na rangi juu barua nyingi zilizoingia ni za kitu kimoja: watu wamekubaliana bei, kazi imeanza, halafu chini ya ardhi kumetokea kitu hakuna mtu alikuwa amekihesabu. Mwamba, maji, ufa, shimo la zamani, hata mifupa. Nimechagua tano, na ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu hii maneno ndio inavunja urafiki wa watu wengi huku kwetu, na mara nyingi ingezuiwa na karatasi moja.

SWALI: Bwana QS, mimi ni kontrakta mdogo hapa Kisumu. Mzee mmoja alinipa kazi ya nyumba yake Riat, tukakubaliana milioni 1.8 kutoka chini hadi slabu, vifaa na leba zote juu yangu. Mchoro unasema msingi futi 4. Pande tatu tulichimba bila shida, upande wa nne futi moja na nusu tu tukagonga mwamba, nikakodi kompresa na vijana wakavunja mawe siku 9. Mzee alikuwa anapita anaona, anasema "poleni vijana, endeleeni". Sasa slabu imemwagwa, nimemuomba aongeze 240,000 anasema bei ilikuwa moja na mawe ni shida yangu. Mkataba wetu ni karatasi moja na haina neno lolote kuhusu mwamba. Nitalipwa kweli?
Kontrakta, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, nitakuambia ukweli ingawa najua utauma, juu naona umetoa jasho la haki. Mkishakubaliana bei moja ya kazi nzima na karatasi isiseme chochote kuhusu kilicho chini ya ardhi, sheria inaanzia upande wa mwenye nyumba. Wewe ndio uliahidi kumaliza kazi hiyo kwa bei hiyo, na ikigeuka kuwa ngumu kuliko ulivyofikiria, ugumu ni wako. Hilo ni jambo la zamani sana huko Uingereza ambako sheria yetu ya mikataba ilitoka. Mwaka 1876 kontrakta mmoja anaitwa Thorn alikuwa amepewa kazi ya daraja la Blackfriars, London, na michoro ya mwenye kazi ilimwambia atumie masanduku makubwa ya chuma kuzuia maji ya mto wakati wa kujenga nguzo, akajaribu ikaonekana hayo masanduku hayawezi hiyo kazi, akapoteza muda na pesa, akaenda mpaka mahakama ya juu kabisa na bado akashindwa, kwa sababu hakuna mahali mwenye kazi alikuwa amemuahidi kwamba mchoro utafanya kazi. Mwaka 1892 mwingine, Bottoms, alichimba mitaro ya maji taka mji wa York bila mtu yeyote kupima udongo kabla, udongo ukawa mbaya kuliko alivyotarajia, naye pia akatoka mikono mitupu.

Lakini usifunge faili bado. Kuna vitu nataka uangalie leo jioni ukiwa umetulia. Je, mlikuwa na BQ, ile orodha ya vipimo na bei ya kila kazi? Kwa BQ za kawaida hapa Kenya kuna mstari wa kuchimba mtaro usiozidi mita 1.5 kwenda chini, halafu chini yake kuna mstari wa nyongeza kwa kuchimba kwenye mwamba kwa kila mita ya ujazo, na mwingine wa kuondoa maji kwenye mitaro. Kama yako ina huo mstari wa mwamba na iko na bei, na mkataba unasema kazi itapimwa, basi unalipwa kwa kipimo na hapo mzee hana ubishi. Je, mzee au akitekti wake alikuonyesha ripoti ya udongo iliyosema hapo hakuna mwamba, na wewe ukaitegemea kuweka bei? Hiyo inabadilisha kesi kabisa, sasa tunaongea juu ya mtu aliyekupa habari isiyo ya kweli. Na je, kuna injinia aliyekuja akasema msingi wa upande ule ubadilike, uwe mpana au ushuke zaidi kuliko mchoro? Hayo ni mabadiliko ya kazi na unaweza kuyadai hata kama mwamba wenyewe hauwezi kuudai. Ile "poleni, endeleeni" ya mzee peke yake si ahadi ya kulipa, lakini kama kuna ujumbe wa WhatsApp ambapo ulimwambia gharama imepanda na yeye akajibu "sawa tutaangalia", usiufute, juu mahakama zetu zinapokea ushahidi wa simu mradi ufuate masharti ya sheria ya ushahidi, kuna cheti unaambatanisha.

Sasa kuna kitu kinanisumbua zaidi kwa hadithi yako kuliko hizo pesa. Kwani nani alisema huo mwamba uvunjwe? Mwamba mzima, ulio imara, ni mahali pazuri sana pa kukalisha msingi. Injinia angeitwa ile siku ya kwanza pengine angesema upande huo msingi ujengwe kwa ngazi ukae juu ya jiwe na hizo siku 9 za kompresa zisingekuwepo. Au pengine angesema hapana, nyumba ikikaa nusu kwa mwamba na nusu kwa udongo laini itashuka upande mmoja na ukuta utapasuka, kwa hivyo tufanye hivi na hivi. Sijui angesema gani, na wewe pia hujui, na mzee hakupewa nafasi ya kuchagua kati ya njia ya bei rahisi na ya bei kali. Ndio maana mikataba mikubwa inalazimisha kontrakta atoe notisi. Watu wanafikiri notisi ni karatasi ya kuwapatia mawakili kazi, lakini kazi yake hasa ni kumwambia mwenye pesa: kuja uone kabla sijafunika, uamue. Kwa kandarasi za serikali ya taifa huko Marekani kipengele chao kinasema wazi kwamba kontrakta atoe notisi ya maandishi haraka na kabla hiyo hali haijaguswa. Kabla haijaguswa. Saa hii wewe umeshamwaga slabu, ushahidi wako uko chini ya zege na hakuna mtu anaweza kuupima tena.

Lingine ambalo wakili wa mzee atakuuliza, na ni heri ulisikie kwangu kwanza: Riat ni mlima wa mawe na kila mtu Kisumu anajua. Ukitoka pale kuelekea Kisian mpaka Seme kwa Kit Mikayi mawe yametokeza juu ya ardhi yanaonekana kwa barabara. Hata kwa mikataba yenye kipengele cha kukulinda, swali huwa ni kama kontrakta mwenye uzoefu angetarajia hiyo hali siku ya kuweka bei. Mwamba Riat ungetarajiwa. Unachoweza kusema ni kwamba pande tatu hazikuwa nao na hakuna dalili ilionekana juu upande wa nne, hiyo ni hoja ya haki, lakini ni hoja ndogo.

Kwa hivyo nenda kwa mzee na hesabu, usiende na uchungu. Tuseme upande ule ni mita 12, mtaro una upana wa mita 0.6, na mwamba uliovunja ni futi mbili na nusu kwenda chini, kama mita 0.75 hivi. Hiyo ni mita za ujazo 5.4. Ukigawanya 240,000 kwa 5.4 unapata zaidi ya 44,000 kwa kila mita ya ujazo, na mzee akimuonyesha QS mwingine hiyo namba ataambiwa unamkamua. Weka risiti ya kompresa, mafuta, na malipo ya vijana ya zile siku, bila faida yoyote juu yake, umwambie "mzee hii ndio ilitoka mfukoni mwangu, tugawane". Nimeona wazee wengi wakikubali nusu kwa njia hiyo ambao wangekataa yote kwa njia ya kelele. Mkishindwana kabisa na unafikiri ziko hoja kati ya zile nimetaja juu, kuna Mahakama ya Madai Madogo inayosikiza madai yasiyozidi milioni 1, na sheria inataka imalize kesi ndani ya siku 60. Muda wa kushtaki kwa mkataba ni miaka 6, lakini usingoje, mashahidi wako ni vijana wa mkono na kesho wako Siaya au Busia kwa mjengo mwingine.

Na kazi inayofuata, tafadhali, ongeza haya maneno kwa ile karatasi yako moja, yanatosha nyumba ya kawaida: "Bei hii imehesabiwa kwa msingi wa futi 4 kwenye udongo unaochimbika kwa jembe na sururu. Tukikuta mwamba, maji, shimo, udongo laini kupita huo mchoro, au kitu chochote kilichozikwa, kazi itasimama mahali hapo tu, kontrakta atamjulisha mwenye nyumba kwa maandishi siku hiyo hiyo, pande zote zitakuja kuona na kupima ndani ya siku 2, na hakuna kufunika kabla ya kupima. Kuvunja mwamba kutalipwa shilingi kadhaa kwa kila mita ya ujazo, kutoa maji shilingi kadhaa kwa siku, na muda wa kumaliza utaongezwa." Hizo "kadhaa" jazeni namba mkiwa bado mnacheka pamoja, kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.

SWALI: Habari QS. Nafanya kazi Nairobi lakini najenga Kiamunyi, Nakuru. Baada ya mvua kubwa fundi amenitumia video, mtaro wa msingi umepasuka, kuna ufa unaingia chini, wamemwaga maji ndoo kadhaa yakapotea yote. Anataka 350,000 ajaze huo ufa na zege aendelee, na vijana wake pia walipwe siku walizokaa bure. Ndugu yangu ananiambia hiyo ni janja ya kunikula pesa kwa sababu niko mbali. Mkataba umeandikwa bei haibadiliki. Nifanye nini?
Mwenye ploti, Nairobi

JIBU: Mama, hata kabla hatujaongea pesa, piga simu sasa umwambie fundi asimwage zege. Hata ndoo moja. Ukimaliza hiyo simu rudi tuendelee.

Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, kati ya Menengai na ziwa, na sehemu kubwa ya udongo wake ni majivu ya volkeno na yale mawe mepesi ya povu. Chini ya hayo majivu kuna nyufa za zamani, na upande wa magharibi wa mji watu wamezoea kuona ardhi ikifunguka wakati wa mvua. Maji yakipata njia ya kuingia kwa ufa wa zamani yanabeba yale majivu laini kidogo kidogo kwenda chini, juu panaonekana sawa kabisa, mpaka siku paa la hilo pango linaanguka. Unakumbuka Machi 2018 venye barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatika baada ya mvua, watu wakasema Afrika inagawanyika? Wanajiolojia wengi walieleza ni hii hii, maji yalikuwa yameosha majivu yaliyokuwa yamejaza ufa wa kitambo. Sasa ukimwaga zege kwa juu ya kitu kama hicho umeziba mdomo tu, maji yatazunguka pembeni yaendelee na kazi yao, na nyumba ya watoto wako itakuwa imekaa juu.

Kwa hivyo 350,000 ya zege usitoe, si kwa sababu fundi ni mwizi, ni kwa sababu hiyo si dawa. Tafuta mwanajiolojia aliyesajiliwa na injinia wa majengo aliyesajiliwa na bodi ya mainjinia, wafike saiti pamoja, na ukiweza uwepo. Watataka kujua ufa unaelekea wapi na ni mpana kiasi gani. Wanaweza kukuambia sogeza nyumba upande mwingine wa ploti, au badilisha msingi uwe slabu moja nzito chini ya nyumba yote, na karibu hakika watakuambia maji ya mabati na ya choo yapelekwe mbali kabisa na huo ufa. Wanaweza pia kukuambia usijenge hapo. Ni habari mbaya lakini ni afadhali uisikie ukiwa na mtaro kuliko ukiwa na ghorofa. Wakibadilisha msingi, michoro mipya irudi kaunti kupitishwa, usiruhusu fundi aendelee na karatasi ya zamani.

Kuhusu ndugu yako. Namuelewa, watu wanaojenga wakiwa mbali wameliwa sana, na tahadhari yake ni ya upendo. Mwambie aende na futi ya kupimia apige picha ufa ukiwa na futi ndani, aongee na majirani wawili kama kwao kumewahi kufunguka. Lakini fikiria huyo fundi alifanya nini: aliona ufa, akasimama, akakutumia video. Angeweza kurusha udongo na mawe ndani jioni moja akafunika, usingejua mpaka miaka imepita. Mtu kama huyo mimi singemvunja moyo.

Halafu ile "bei haibadiliki". Inaweza kukulinda kwa sheria, kama nilivyomwambia ndugu wa Kisumu hapo juu, lakini nataka uone inakulinda na nini. Ardhi ni yako, wewe ndio ulichagua kuinunua na wewe ndio utaishi juu yake, na fundi hana njia ya kuona chini kuliko wewe. Ukimbebesha hiyo hatari yote, mwenye akili ataweka pesa ya ziada kwa bei tangu mwanzo na utailipa hata kama hakuna ufa, na mwenye njaa ataweka bei ya chini ashinde kazi, halafu akikuta shida atazitafuta hizo pesa ndani ya vyuma na simiti ya nyumba yako. Mimi kwa ushauri wangu mwenye nyumba aweke kando asilimia 10 ya bei kwa ajili ya mambo ya chini ya ardhi, na kwa maeneo kama hayo yako hata 15, na isipotumika inabaki yako. Vijana wa fundi walipe siku chache za kusimama kwa bei mtakayokubaliana, kisha uwaambie wazi kazi imesimama mpaka wataalamu waje, ili wasiendelee kukaa wakihesabu siku.

SWALI: Niko na kampuni ndogo ya NCA 8 (daraja la chini kabisa la Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi). Nilishinda tenda ya madarasa mawili kwa ofisi ya umma ambayo sitaitaja, saiti iko uwanda wa Kano. Mchoro ulisema tutoe udongo mweusi sentimita 60 tujaze maramu na hadikoo. Tulichimba mita moja na nusu bado ni mweusi, maji nayo yakaanza kuingia. Injinia wa mradi alipita akasema chimbeni mpaka mfike chini. Tukafanya hivyo. Hesabu ya mwisho imezidi bei ya mkataba kwa asilimia 31 na sasa injinia anasema hakumbuki kutoa hayo maagizo. Nimekopa benki. Nisaidie.
Mkandarasi, Nyanza

JIBU: Pole sana, na najua pole haitalipa benki. Wacha nikuonyeshe umesimama wapi.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 139, inasema mabadiliko ya mkataba yana nguvu tu kama yamekubaliwa kwa maandishi na wale waliopeana tenda. Si injinia akiwa amesimama kwa mtaro na buti. Kwa kazi za ujenzi kiasi cha kazi hakifai kuongezeka zaidi ya asilimia 20, na bei ikizidi ile ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 25 hiyo nyongeza inatakiwa itangazwe kama tenda nyingine. Kwa hivyo asilimia 31 yako ilikuwa imepita ukuta hata kabla injinia hajasahau. Huo ukuta uko pale kulinda pesa za wananchi na mimi naukubali, lakini unamaanisha kontrakta wa umma hawezi kuchimba kwanza aulize baadaye, hata siku moja.

Sasa chukua mkataba wako usome. Stakabadhi nyingi za tenda za serikali zina orodha ya matukio ya fidia, na moja huwa ni hali ya ardhi ikiwa mbaya sana kuliko ilivyoweza kudhaniwa kutokana na habari ulizopewa, habari zilizo wazi kwa umma, na kuangalia saiti kwa macho. Hapo ndio vita yako iko. Watakuambia Kano ni blakikotoni, hata mtoto wa shule anajua, ule udongo unaovimba ukinyeshewa na kupasuka jua likiwaka, na watakuwa wanasema kweli. Usibishane na hilo. Sema hivi: kuwepo kwa udongo mweusi nilikutarajia, kina chake nilipewa na mchoro wenu, sentimita 60, na kina kimetoka zaidi ya mara mbili. Hiyo ni tofauti kati ya habari mliyonipa na ardhi yenyewe. Kwa maji uwe mwangalifu zaidi, ukisema ni ya mvua umeshindwa kwa sababu mikataba mingi hailipi gharama ya hali ya hewa, lakini kama ni maji yaliyokuwa yanapanda kutoka chini, eleza hivyo na uonyeshe picha za siku ambazo hakukunyesha.

Ila usitegemee mahakama au msuluhishi akuonee huruma kwa sababu tu ripoti yao ilikuwa fupi. Kuna kesi ya Gibraltar iliyoamuliwa London mwaka 2014, kampuni kubwa ya Uhispania ilikuwa inajenga barabara na handaki chini ya uwanja wa ndege, wakakuta udongo wenye sumu mwingi kuliko ulivyotajwa kwa ripoti, wakadai. Jaji akasema kontrakta mwenye uzoefu hafai kuchukua tu namba ya kwenye ripoti, angefikiria mwenyewe kulingana na historia ya hiyo ardhi. Walishindwa.

Mkataba wao ulikuwa wa aina ya FIDIC, yaani mkataba wa shirikisho la kimataifa la mainjinia washauri, ambao hata huku unatumika kwa barabara na miradi mikubwa, na ukikua kibiashara utakutana nao kwa hivyo shika hizi tarehe: toleo la 1999 linakupa siku 28 kutoa notisi tangu ujue au ulipofaa kujua, ukichelewa unapoteza muda na pesa zote mbili, halafu maelezo kamili ya dai ndani ya siku 42, na kwa toleo la 2017 ni siku 84. Unalipwa gharama, faida hapana. Na lile toleo la 1999 lina kitu kizuri kwa maagizo ya mdomo: injinia akikuambia kitu, mwandikie ndani ya siku 2 za kazi kwamba "uliagiza hivi", asipokujibu kwa maandishi ndani ya siku zingine 2, barua yako inageuka kuwa agizo rasmi. Hata kama mkataba wako si FIDIC, hiyo tabia ya kuandika jioni ile ile ingekuokoa. Sentensi mbili tu kwa barua pepe.

Saa hii fanya hivi. Kusanya daftari la saiti, risiti za lori za maramu, picha zenye tarehe, majina ya waliokuwepo siku injinia alipita. Tenganisha dai lako: kazi iliyo ndani ya asilimia 25 iandikie barua ya kuomba idhini kama tukio la fidia, na ile iliyobaki ieleze kando bila kuichanganya, ukichanganya zote mbili watakataa zote. Peleka kwa afisa mhasibu wa hiyo ofisi, yaani mkuu wake anayewajibika kwa pesa, injinia umpe nakala. Angalia kipengele cha migogoro, kama kinasema msuluhishi kwanza usikimbilie kortini. Na ongea na benki mapema kabla hujakosa malipo ya mwezi. Hiyo 31 yote sidhani utaiona, na kukuambia vinginevyo ni kukuongezea deni.

SWALI: Mulembe QS. Tunajenga Kakamega karibu na Rosterman. Lori la mawe lilipoingia ardhi ikabonyea na sasa kuna shimo refu, wazee wanasema ni la wachimba dhahabu. Mwenye ploti anasema kontrakta ajaze. Ni sawa?
Msimamizi wa saiti, Kakamega

JIBU: Mulembe. Kwanza zungusha uzio mkubwa kuliko mnavyofikiri, kwa sababu kingo za hayo mashimo zimeliwa kwa ndani, na mtu yeyote asishuke kuangalia, hewa ya chini inaweza kuua kabla hamjamtupia kamba. Pia mjulishe chifu na ofisi ya madini.

Kakamega ilikuwa na mbio za dhahabu miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, kwa hivyo mashimo ya aina hiyo si miujiza huko. Hilo linakata pande zote mbili: kontrakta angefaa kuuliza wazee kabla ya kuweka bei, na mwenye ploti kama alijua na akanyamaza yuko na shida kubwa zaidi kisheria, maana alificha. Muulizeni kwa upole lakini kwa maandishi alikuwa anajua nini. Kujaza tu na mawe si jibu, mpaka injinia aseme shimo linaenda wapi, kwani linaweza kuwa na njia za pembeni chini ya nyumba yenyewe. Gharama ya huo uchunguzi naona iwe ya mwenye ardhi.

SWALI: Tukichimba septiki hapa Nakuru, si mbali na Hyrax Hill, tumepata mifupa inafanana ya mtu na vigae vya vyungu. Fundi anataka tuirudishe tufunike haraka ili kazi isisimame. Tufunike?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana, msifunike kwa udongo, na msiendelee kuchimba hapo. Piga ripoti polisi kwanza, wao ndio wataamua kama ni mifupa ya juzi au ya kale, na kama ni ya kale Makavazi ya Taifa yajulishwe, sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inakulazimisha. Hyrax Hill ni makazi ya watu wa kale na yalianza kuchimbuliwa na Mary Leakey miaka ya 1930, kwa hivyo vyungu na mifupa hapo jirani inaweza kuwa kitu cha maana sana kwa nchi. Msiioshe, msiihamishe, funikeni na turubai mvua isiingie. Fundi apewe kazi upande mwingine wa ploti wakati mnangoja, na kama hakuna kazi nyingine muandikiane leo tarehe ya kusimama, ili siku hizo ziongezwe kwa muda wake wa kumaliza na asikatwe pesa ya kuchelewa.